Barua ya wazi kwa mnaotia saini vibali: fikeni kwanza mtaani

Kwa waheshimiwa wenye dhamana ya ardhi, mipango miji na afya, Dar es Salaam.

Yah: Kubadilishwa kwa matumizi ya viwanja katika mitaa ya makazi

Shikamooni wakubwa zangu, na kwa mlio rika langu, habari za kazi.

Nawaandikia nikiwa barazani kwa wazazi wangu, Sinza. Nyumba yenyewe ni ya kawaida: vyumba vitatu na sebule, kiwanja cha mita 12 kwa 24, mwarobaini mbele, uani jiko la nje na kamba za kuanikia nguo. Karibu na ukuta wa nyuma kuna karo la choo lenye mifuniko miwili ya zege. Mifuniko hiyo ndiyo iliyonishikisha kalamu, na nitaifikia. Naomba mnivumilie nianzie mbali.

Mtaa huu haukujiotea. Serikali iliuchora. Mwaka 1974 ulianza mradi wa kupima viwanja na kuviwekea huduma, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, baada ya nchi kuona kwamba kuwavunjia watu vibanda vyao hakuwapatii nyumba. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni vikapimwa viwanja vipya. Manzese na Mtoni wakazi wakaachwa walipo na makazi yao yakaboreshwa. Mtu wa kipato cha chini alipewa kiwanja kilichopimwa, chenye njia ya kufikia na bomba la maji karibu, na kwenye ramani pakaachwa nafasi ya shule, zahanati, soko na uwanja wa wazi. Nyumba alijenga mwenyewe, kidogo kidogo, na aliyekubaliwa alikopeshwa na Benki ya Nyumba. Benki hiyo ilifilisika mwaka 1995. Nyumba zilizojengwa kwa mikopo yake bado zina watu ndani.

Baba alikuwa karani. Ofa ya kiwanja aliipata mwaka 1978, na tulihamia mwaka 1984, sebule ikiwa haina sakafu. Ilikuwa miaka ya uhaba. Saruji ilitengenezwa Wazo Hill, hapa hapa mkoani, lakini mfuko haukununuliwa bila kibali, na kibali kilipatikana kwa kupanga foleni na kurudishwa kesho, na kesho kutwa. Mama anasema kuna wiki tofali zilifyatuliwa ishirini tu kwa sababu mfuko uliopatikana ulikuwa mmoja, nao wakagawana na jirani. Hivyo ndivyo ukuta huu ninaouegemea ulivyopanda.

Jambo moja ambalo mama halisahau ni siku ya bwana afya. Shimo la karo lilikuwa limeshachimbwa na kujengewa, fundi yuko tayari kumwaga zege juu, lakini haikuruhusiwa kufunika kabla ya ukaguzi. Bwana afya alifika kwa baiskeli, akavua viatu, akashuka kwa ngazi ya miti, akapima urefu, upana na kina kwa futi kamba, akauliza mtaishi wangapi. Baba akajibu: wanane. Akapiga hesabu zake pale pale kwenye daftari, akamwambia fundi aongeze kozi mbili za tofali na shimo la kunyonyea maji alisogeze mbali na mpaka. Fundi akanuna, akaongeza. Ramani ya nyumba ipo mpaka leo kwenye jalada la kaki kabatini, na pembeni yake pameandikwa kwa wino wa bluu, kwa mwandiko wa yule mtumishi: "watu 8". Kuna mhuri, kuna tarehe, kuna saini.

Nimeitazama saini hiyo mara nyingi mwaka huu. Mtumishi yule alijua kuna nini chini ya ardhi ya kiwanja kile, na kinamtosha nani.

Sasa nije kwa leo. Kwenye mstari wetu kulikuwa na nyumba kumi na moja, zote za familia. Leo zimebaki nne. Mbili zimegeuzwa fremu za maduka mbele, na familia imejibana nyuma. Moja ni ofisi. Moja ni baa, na muziki wake nitaugusia kwa sentensi moja tu kwa kuwa mnaujua: kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zipo tangu mwaka 2015, na mtoto wa darasa la saba wa nyumba ya pili alijiandaa kwa mtihani wa taifa akiwa amejifunika mto kichwani. Mbili zimevunjwa na viwanja vikaunganishwa, ikapanda loji ya ghorofa nne yenye vyumba thelathini na viwili. Hiyo ndiyo inayopakana na sisi. Moja iliyobaki imefungwa, warithi wako mahakamani.

Tafadhali msinisome kama mtu anayechukia maendeleo ya wenzake. Mzee wa nyumba ya tatu alistaafu, kiinua mgongo kikaishia kwenye matibabu ya mkewe, na fremu tatu alizojenga ndizo zilizomsomesha binti yake wa mwisho hapo chuo kikuu. Nani atamwambia azibomoe? Mkoa huu ulihesabiwa watu 843,090 mwaka 1978, mwaka ule baba alipopata ofa yake. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728. Watu hao lazima walale mahali. Jiji haliwezi kubaki la nyumba za chini mpaka Chalinze, na mtaa ulio karibu na Mwenge, karibu na Mlimani, lazima ubebe wengi kuliko ulivyobeba zamani. Ghorofa nalikubali. Nalikubali kabisa.

Ninachowalalamikia ni kwamba kibali hutolewa kwa kiwanja, lakini mzigo wake hubebwa na mtaa. Bikoni, yale mawe ya mpaka wa kiwanja, zinaonyesha mwisho wa hati ya mtu. Maji hayazijui. Na Sinza yetu nyumba nyingi hazijaunganishwa na bomba la maji taka; kila mmoja ana karo lake, na likijaa anaita gari la kunyonya. Kwa familia ya watu wanane gari hilo linakuja mara moja kwa mwaka, pengine mara mbili. Kwa vyumba thelathini na viwili, kila chumba na choo chake na bafu lake, wageni wanaoga asubuhi na jioni, mashuka yanafuliwa kila siku, hesabu ni nyingine kabisa. Gari lingetakiwa lisimame pale karibu kila wiki. Sisi tunaoishi ukutani mwake tunajua halisimami.

Masika yaliyopita nilijua maji yanakwenda wapi. Ilikuwa saa tisa usiku, mvua ile ya Aprili isiyo na upepo, inayoshuka moja kwa moja kama imefunguliwa. Niliamshwa na harufu, nikadhani choo chetu kimeziba. Nikatoka uani na tochi ya simu. Juu ya ukuta niliona mwanga wa tochi nyingine, nikasikia chepeo likigonga bomba. Nikatoka nje kwa mlango wa mbele, nikazunguka hadi kwenye mtaro. Chini kabisa ya ukuta wa loji, mahali palipokuwa pamefunikwa na kifusi, palikuwa na bomba la inchi nne limechomoza, kizibo chake kimetolewa, na linamwaga. Vijana wawili walisimama na makoti ya mvua. Mmoja alinisalimia. "Shikamoo mama, tunazibua tu," akasema. Hakuwa na ukorofi wowote. Alitumwa, na alitaka kumaliza arudi ndani.

Dar es Salaam sote tunalijua jambo hili, na lina jina lake: kutapisha choo. Mwenye karo lililojaa anasubiri mvua kubwa ili uchafu uondoke na maji. Tofauti ni kwamba zamani ulikuwa uchafu wa nyumba moja.

Mtaro wetu ulichimbwa kwa maji ya mvua ya nyumba zenye nyua za mchanga, ambao ulikuwa unakunywa nusu ya mvua kabla haijafika mtaroni. Nyua hizo sasa ni zege na vitofali kutoka ukuta hadi ukuta, na kalavati la kona limebanwa na kifusi cha ujenzi. Maji yalifika hapo yakagoma, yakarudi. Yakapita chini ya geti letu. Uani kwetu ardhi ilikuwa imeshalowa kiasi kwamba karo lenyewe halikuwa na pa kupeleka maji yake, na ile mifuniko miwili ya zege, ambayo kuinyanyua huhitaji wanaume wawili na mtaimbo, niliiona ikicheza. Ilikuwa inainuka kidogo na kushuka, maji yakibubujika pembeni. Mama ana miaka sabini na nane. Nilimkuta jikoni ameshika ndoo na sahani ya bati, anachota na kumwaga nje, anachota na kumwaga nje, gauni limelowa hadi magotini. Nilimwambia aache, akasema asipochota yataingia chumbani kwenye picha za baba.

Tulichota mpaka alfajiri. Magodoro mawili tuliyatupa. Unga, mchele na maharage yaliyokuwa chini, vyote tulitupa. Mjukuu wake wa miaka minne aliharisha siku tatu, na sitasema ilitokana na nini kwa kuwa si daktari, lakini nawakumbusha kwamba mlipuko wa kipindupindu wa mwaka 2015 ulianzia jiji hili hili, mwezi Agosti, kabla haujasambaa mikoani.

Na maji yale hayaishii kwetu. Mtaro wetu unaingia Mto Ng'ombe, ambao sehemu zake zimejengewa kingo za zege kwa fedha za DMDP, ule mradi wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam, na tunashukuru kwa hilo. Mto Ng'ombe unaingia Msimbazi. Msimbazi unapita Jangwani, unamwaga baharini pale Salenda. Mnakumbuka Desemba 2011, maji yalipojaa bonde lile, watu wakafa, na familia zikapelekwa kuanza upya Mabwepande. Wa bondeni hulaumiwa kila mwaka kwamba wamejenga palipokatazwa. Sehemu ya uchafu unaowafikia inatoka kwetu huku juu, kwenye viwanja vilivyopimwa, vyenye hati na vibali.

Asubuhi yake nilikwenda ofisini. Sitaitaja ofisi wala aliyenipokea, maana sikuja kumharibia mtu kazi. Dirisha la kwanza niliambiwa hilo ni suala la afya. Afya wakasema jengo ni la mipango miji. Mipango miji kijana mmoja mstaarabu sana aliniuliza: "Una namba ya kibali cha jirani yako?" Nikamwambia sina. Akasema bila namba itakuwa vigumu kulipata jalada. Nilirudi nyumbani kwa bajaji nikiwa nalifikiria swali lile. Ningeipata wapi namba? Viwanja viwili vimeunganishwa, makazi yamegeuzwa biashara, vyumba vitatu vimekuwa thelathini na viwili, na katika hatua zote hizo hakuna karatasi hata moja iliyopita barazani kwetu. Tulijua loji inajengwa siku nondo ziliposhushwa.

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inamtaka anayebadili matumizi ya ardhi aombe idhini ya mamlaka ya upangaji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kumwaga majitaka hovyo. Siwaombi sheria mpya. Nawaomba idhini ile isitolewe kabla majirani wanaopakana na kiwanja hawajasikilizwa, na hapa naomba niseme kwa kirefu kidogo kwa sababu ndipo penye uzito wote.

Bango la mradi lenye jina la mkandarasi mnalidai, na mnafanya vizuri. Lakini linatundikwa wakati uamuzi umeshafanyika. Tangazo ninalolisema ni la kabla: liwe kwenye ukuta wa kiwanja chenyewe na kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa, kwa Kiswahili kinachosomeka na bibi yangu, likieleza ni ghorofa ngapi, vyumba vingapi, magari yataegeshwa wapi, maji taka yataenda wapi. Liachwe kwa muda wa kutosha, kisha lisomwe kwenye mkutano wa mtaa. Mwenyekiti anatufahamu. Mjumbe anajua nyumba gani ina mgonjwa na mtaro gani hujaa wa kwanza. Katika mkutano kama huo mama yangu angesimama akasema jambo moja ambalo hakuna mchoro ungewaambia: kwamba upande ule wa viwanja viwili ndio wa chini, na kwamba zamani kabla ya mradi palikuwa na kijito. Mhandisi angelisikia hilo bure, kabla ya kumwaga hata tone la zege. Pengine loji ingejengwa hata hivyo, lakini kwa ghorofa tatu na karo la kufaa, au ingesubiri bomba la maji taka.

Nakumbuka pia bwana afya wa baiskeli. Jengo la vyumba thelathini na viwili likaguliwe karo kabla halijafunikwa, na mkaguzi aandike idadi ya watu kwa mkono wake na aisaini. Kisha arudi masika. Kazi yote ya ukaguzi inafanyika kiangazi, mtaro ukiwa mkavu na umefagiliwa. Mje Aprili, usiku, mkipita na tochi nyuma ya kuta. Mabomba mtayaona.

Kuna uwanja pia. Tulipokuwa watoto, nyuma ya mstari wetu kulikuwa na eneo la wazi, tukicheza rede na kombolela mpaka adhana ya magharibi. Nilikuja kujua ukubwani kwamba halikuwa pori lililosahauliwa. Ramani ndiyo iliyoliacha, kwa makusudi. Leo kuna makontena manane, sehemu ya kuoshea magari, na maegesho ya baa. Sijui kila kontena liliruhusiwaje na sitamtuhumu mtu. Naomba tu ramani ya awali ya mtaa, ile yenye maeneo ya wazi yaliyopakwa kijani, ibandikwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa nyuma ya kioo, ili mzazi yeyote aione na kuuliza. Watoto wa sasa wanacheza barabarani, kati ya bodaboda mbili, na mmoja wa nyumba za fremu ana chuma mguuni tangu Novemba.

Madalali wanakuja kwetu karibu kila mwezi. Wanavua viatu, wanakaa, wanamsifia mama chai, kisha wanataja bei. Ni hela nyingi. Ndugu yangu mmoja anataka tuuze na simlaumu. Ana watoto watatu na nyumba ya kupanga. Tukiuza tutakwenda Goba au Madale, au kule Kibada na Bunju kwenye viwanja vya ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, tukaanze na mti mdogo mbele ya nyumba. Lakini naona huko nako fremu zimeshaanza kuota na maeneo ya wazi yameanza kuwekewa uzio, na nyumba nyingi huko zinategemea karo kama sisi. Mnaokaa huko someni barua hii kama yenu.

Mama hataki kuuza. Kila asubuhi, baada ya swala, anafagia mbele ya geti, kisha anafagia mtaro wake, na siku hizi anavuka mpaka na kufagia mita kadhaa za mtaro wa loji, kwa sababu anasema takataka zikizuia pale ndizo zinazorudi kwake. Tulijaribu kumkataza. Wahudumu wa loji wanamsalimia, na binti mmoja wa usafi humpokea fagio akipata nafasi. Kwa hiyo msidhani tuna vita na watu. Hata mwenye loji, tulipokutana msibani, alinishika mkono akasema yeye alilipia kila alichoambiwa alipie, na naamini anasema kweli.

Kila mwezi mita yetu ya umeme ya LUKU inakata shilingi 1,500 za kodi ya jengo. Tunazilipa, na hatujawahi kulalamika. Nyumba hii inafahamika kwenu, basi, na njia ya kuifikia ipo.

Ombi langu la mwisho ni la siku moja. Chagueni Jumamosi, mje watatu: wa mipango miji, wa afya, na wa mitaro. Njooni na ramani ya mtaa ya awali na majalada ya vibali vya mstari wetu. Sisi tutaita majirani, na mwenye loji tutamwalika, ameshaniambia atakuja. Mama atatoa lile jalada la kaki, muone mwandiko wa mwenzenu aliyekuja kwa baiskeli. Mtaimbo upo, na vijana wa kuinua mifuniko nimeshazungumza nao.

Wenu katika ujenzi wa mji wetu,

Mkazi wa Sinza, mtoto wa nyumba yenye mwarobaini